Ungo wa Ukutani

Wageni wakija kwangu mara ya kwanza hawaketi. Wanazunguka sebuleni mikono ikiwa nyuma, wanatazama ukuta. Kuna sahani ya bati yenye waridi jekundu, kiondo, kikapu cha mkonge chenye mistari ya zambarau, kioo kilichokuwa cha kinyozi, picha ya harusi ya watu nisiowajua niliyoinunua mnadani, na twiga wa mbao ambaye mguu wake mmoja umeunganishwa kwa gundi. Pazia halifanani na zulia, na zulia halina habari na viti. Mwenzangu mmoja wa kazini, aliyesomea mambo ya kupamba nyumba, aliniambia kwamba mtindo huu wa kuchanganya una jina lake na kuna watu wanaolipa hela nyingi kufanyiwa. Akaniuliza nilijifunzia wapi. Nilimwambia kwa mama, na hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba nilijifunza kwa woga, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kwa muda mrefu sikuweza kutazama ukuta uliopambwa bila kugeuza uso.

Kwetu ni nje kidogo ya Muthetheni, upande wa Machakos. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, vyumba vitatu, paa la mabati. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Katangi. Aliondoka Jumapili jioni kwa baiskeli na kurudi Ijumaa, kwa hiyo wiki nzima nyumba ilikuwa ya mama. Na mama alikuwa mtu wa kupamba. Majirani walikuwa na mtindo mmoja tu, vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kiti, kalenda moja na picha ya Moyo Mtakatifu, basi. Mama alifuma vitambaa vyake kwa nyuzi zilizobaki, kiti kimoja kikawa cha manjano na kingine cha zambarau na kijani. Alitoboa vifuniko vya soda akavitunga kwenye waya, vikawa pazia la mlango wa chumbani, ukipita vinalia. Ndugu yake, fundi wa kuchonga, alimpa twiga aliyevunjika mguu asiyeuzika, naye akamsimamisha juu ya redio. Wanawake walimtania kwamba nyumba yake ni kama Kangundo siku ya soko. Aliwajibu kwamba hata wao wenyewe sokoni huwa hawataki kutoka.

Lakini fahari yake hasa ilikuwa ukuta wa sebule. Ulikandikwa kwa udongo, samadi ya ng'ombe na majivu, na kila mwaka mvua zikiisha aliubandika karatasi upya. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano uliotiwa maji ya majani ya mwarobaini ili mende wasiutafune. Yeye alipaka, mimi nilichagua kurasa. Magazeti, kalenda za kampuni za mbegu, mabango ya sabuni, chochote. Alinifundisha kwamba rangi nyekundu haikai karibu na nyekundu nyingine, na kwamba uso wa mtu usibandikwe mkabala na uso mwingine kwa sababu watagombana. Nilimwamini kabisa. Hadi leo nikitundika picha mbili za watu, nazitenganisha kwa kitu.

Tena, kwetu watu walisoma kuta. Ukienda kwa mtu, ukingoja chai iive, unasimama unasoma habari za miaka miwili iliyopita, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Bingwa wa kusoma kuta alikuwa naibu wa chifu wa huku kwetu, mzee mrefu mwenye kofia ya kazi ambayo aliivua akiingia nyumba ya mtu. Alifuata mistari kwa kidole, Kizungu alikisoma polepole kwa sauti, na habari ikikatika kwa sababu ukurasa mwingine umebandikwa juu yake, alimuuliza mwenye nyumba iliishaje.

Mwezi wa Juni mwaka ule ilikuwa zamu yetu ya Jumuiya. Kila Jumamosi majirani Wakatoliki walisali katika nyumba moja, kisha wakanywa chai, na naibu wa chifu alikuwa mmoja wao. Mama hangekubali waje wakute karatasi za mwaka uliopita. Alhamisi akanituma chini ya kitanda, kwenye katoni ya baba, nimletee magazeti ya zamani. Niliyachukua yote. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, nilikuta jarida la Kizungu. Katikati yake palikuwa na kurasa mbili zenye picha moja, umati wa watu wanapunga vitambaa vya mkononi vya kila rangi, na juu yao maneno manne makubwa mekundu. Kati ya hayo manne nilijua mawili tu, na sikuyajali. Nilichotaka ni vile vitambaa.

Nilizibandika katikati ya ukuta unaotazama mlango, mahali jicho la mgeni linapoanguka kwanza. Mama alirudi nyuma hatua tatu, akatazama, akasema hapo nimemshinda. Mama alisoma Biblia ya Kikamba na gazeti la Kiswahili, Kizungu hapana. Kurasa zilizobaki za lile jarida tuliwashia moto wa githeri, mahindi na maharagwe ya jioni. Nililala siku hiyo nikiwa na furaha ya fundi.

Ijumaa jioni baba aliegemeza baiskeli, akaingia, akasimama. Nilikuwa nimemngoja mlangoni ili anisifu.  Alifunga mlango nyuma yake, akafunga dirisha, akawasha taa ingawa jua lilikuwa bado halijatua, akaisogeza karibu na ukuta. Aliipitisha taa juu ya maneno yale manne, kivuli cha twiga kikawa kinacheza. Baba yangu alikuwa mtu wa sauti kubwa. 

Alituambia kwa sauti ya chini. Lile jarida lilikuwa limepigwa marufuku na serikali, na maneno yale manne yalisema Rais ang'atuke. Rafiki yake alimwachia alisome amrudishie. Kuna mwalimu mwenzake aliyetolewa darasani, wanafunzi wakimtazama, kwa karatasi ndogo kuliko ile, na mpaka wakati huo mkewe hakujua amelala wapi. Kesho yake naibu wa chifu, mkono wa serikali, mtu asiyepita ukuta bila kuusoma, angeketi hapo hapo na rozari yake.

"Nani amebandika?" aliuliza.

"Ni mimi," mama akasema.

Mimi nilinyamaza. Nimeandika mengi maishani, lakini sentensi hiyo ndiyo imenichukua muda mrefu zaidi.

Baba alijaribu kubandua kwa kisu. Mwarobaini na ngano vilikuwa vimeshikana na udongo kama vimechomwa pamoja; karatasi ilitoka na kipande cha ukuta, likabaki shimo la ukubwa wa kiganja. Mama akamzuia. Alisema shimo bichi katikati ya ukuta mpya ndilo kila mtu ataliuliza. Wakabandika gazeti juu yake. Karatasi ya gazeti ilikuwa nyepesi, ikalowa, na yale maneno mekundu yakaonekana chini yake yakiwa yamenona kuliko mwanzo. Asubuhi gazeti lenyewe lilikuwa limejikunja na kuanguka, kwa sababu halikushika kwenye karatasi inayoteleza. Maneno yakatutazama tena.

Ndipo mama alipoleta ungo wa kupepetea. Aliupima, ukafunika kurasa zote mbili na shimo. Nilishusha pumzi, lakini yeye alitikisa kichwa. Ungo peke yake ukutani, alisema, unauliza swali. Watu watajiuliza kwa nini huyu ametundika ungo kama si kuficha kitu. Akaanza kuzunguka nyumba akikusanya. Alitundika sahani mbili za bati, moja kila upande wa ungo, kiondo chini yake, nusu ya kibuyu juu, kitambaa cha manjano kikipita nyuma kama mshipi, mwiko mpya, hata kofia ya zamani ya babu. Alikuwa akitundika, anarudi nyuma, anasogeza kidogo, anatundika tena. Nilikuwa nimemwona akipamba maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kumwona akipamba bila kuimba.

Na ukuta ulipendeza. Ulipendeza kuliko kuta zote alizowahi kupamba, na nilikasirika kwamba umependeza.

Walikuja saa tisa. Tulisali, nami sikusikia hata fumbo moja la rozari. Naibu wa chifu alikuwa ameketi mkabala na ungo, na kila alipoinua macho nilibana vidole vya miguu. Sala ilipokwisha, mama alisema chai italetwa nje kivulini, ndani kuna joto. Uongo mtupu, Juni kwetu ni baridi, lakini watu walitoka na viti vyao. Nilikuwa na kazi ya kunawisha wageni mikono. Nikarudi ndani na jagi na beseni kuchukua taulo.

Naibu wa chifu hakuwa ametoka. Alikuwa amesimama ukutani, kofia kwapani, ameinua ungo kwa vidole viwili upande wa chini, kama mtu anayefunua sufuria kuona kama chakula kimeiva. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alisoma neno la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kisha akaushusha, akaurekebisha mpaka ukakaa sawa na sahani. Alipogeuka akanikuta. Maji yalikuwa yakitoka kwenye jagi yananimwagikia miguuni.

Alibana kofia vizuri kwapani. Kisha akakinga mikono juu ya beseni, nikalazimika kummiminia, akanawa taratibu.

"Huu ungo usitoke hapa," alisema, akachukua taulo, akaenda kunywa chai.

Jioni ile baba alikula sahani mbili. Mama alicheka mpaka akatoa machozi akiigiza jinsi wanawake walivyousifia ukuta na kutaka kujua amepata wapi wazo lile. Wao walikuwa wamepona. Mimi nilienda kukaa nyuma ya choo. Nilijua kitu wasichokijua, na sikuweza kukisema, kwa sababu kukisema kungeanza na kusema nani alibandika. Nikaamua, kwa akili ya miaka kumi na mmoja, kwamba nisiposema hakitatokea.

Jumanne nikitoka shule naibu alinikuta njiani. Alishuka kwenye baiskeli.

"Ungo uko?"

"Uko."

"Sawa." Akapanda, akaenda.

Tangu siku hiyo hakunikuta mahali bila kuniuliza. Kisimani, kanisani, dukani nikitumwa chumvi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari ya nyumbani, na wengine wakadhani ni utani wa mzee na mtoto. Mimi nilisikia mlango wa gari la polisi. Nikaanza kupita njia ya mtoni, ndefu na yenye nyoka, ili nisikutane naye. Nyoka niliwaogopa kidogo kuliko yeye.

Kisha ikafika zamu yake ya Jumuiya. Yake ilikuwa nyumba ya mawe, kuta za saruji zilizopakwa rangi ya maziwa. Nilipoingia nyuma ya mama niliona, kwenye ukuta unaotazama mlango, ungo. Ulikuwa kimo kilekile, na sahani mbili za bati kando yake. Wanawake walicheka, wakasema mtindo wa mama yangu umefika hadi kwa serikali. Baba alisifu. Mimi nilijua ile si sifa. Alikuwa anatuambia kwamba anajua, anatuambia mbele ya watu wote, na ni mimi peke yangu niliyemwelewa. Nilishika sketi ya mama sikuiachilia hadi tulipofika nyumbani, na nilikuwa msichana mkubwa.

Baada ya hapo nyungo zilipanda kuta za kila mtu. Mkewe aliwahimiza wanawake wa Jumuiya, naye naibu mwenyewe akasema kwenye baraza la chifu kwamba ni jambo zuri akina mama kutunza vitu vya nyumbani kwa kuviweka vinapoonekana. Watu walileta vya kwao, mmoja akaweka ungo na magurudumu ya kigari cha mtoto, mwingine ungo na picha za kipaimara. Mama aliitwa huku na huku kusaidia kupanga, akarudi na furaha yake ya zamani. Ungo wa kupepetea ukawa haupatikani kwa urahisi sokoni Muthetheni. Kila nyumba niliyoingia niliiona ile duara, na kila mara niliketi nikiipa mgongo.

Julai ikawa mbaya. Redio ilisema kuna ghasia Nairobi, watu wanadai vyama vingi, na baba Ijumaa alikuwa akifika amechoka, anauliza kwanza kama kuna mtu amemtafuta. Siku moja, Jumatano, nilikuwa nimekuja nyumbani kwa chakula cha mchana. Mama alikuwa anapukuchua mbaazi mlangoni. Nikaona kofia ya naibu inakuja katikati ya mahindi yaliyokauka, na nyuma yake polisi wawili tusiowajua.

Siku imefika, nilifikiri. Nilitaka kumwambia mama kila kitu hapo hapo, lakini walikuwa wameshaingia uani.

Walimsalimia mama kwa heshima, wakasema ni kazi tu, wanatafuta karatasi za marufuku. Waliinua godoro. Walimwaga katoni ya baba, wakapekua madaftari ya wanafunzi. Mmoja, mnene, mwenye jasho, akasimama mbele ya ukuta.

"Na hapa pia?" alisema, kama mtu aliyechoshwa.

Naibu wa chifu alicheka. "Wamama wa huku wameshikwa na hii maneno ya ungo. Si umeona hata kwangu iko."

Polisi aliweka kidole kwenye ukingo wa ungo. Mama aliendelea kupukuchua mbaazi, ila ganda lilikuwa tupu na vidole vyake viliendelea kulikamua. Polisi alikitazama kidole chake, kilikuwa na vumbi, akakipangusa kwenye suruali. Akaomba maji ya kunywa. Nilimpelekea kwa kikombe, akayamaliza.

Walipoondoka naibu alikuwa wa mwisho. Alipita karibu yangu akasema, bila kuuliza safari hii, "Ungo uko." Nikaona ninaelewa yote. Hakutaka kumtoa baba kwa watu wa nje. Alikuwa anamfuga, kama mbuzi wa Krismasi, kwa siku yake mwenyewe.

Likizo ya Agosti baba alitoa ungo, akakwangua ule ukuta, akakandika udongo mpya, na ungo ukarudi palepale. Akasema sasa yameisha. Kwangu hayakuisha, maana macho yaliyosoma huwezi kuyakandika udongo. Hata vyama vingi viliporudi, na vijana wakapita barabarani wakipiga kelele maneno yaleyale manne mchana kweupe, mimi nilibaki na woga wangu kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Nilipofaulu mtihani wa darasa la nane naibu alileta jogoo kunipongeza. Nilijificha nyuma ya ghala hadi akaondoka, na mama akanichapa kwa kukosa adabu.

Miaka ilipita, woga ukageuka hasira, kama inavyokuwa kwa watu wa hulka yangu. Nilikuwa chuoni aliponikuta siku moja stendi ya Machakos, amestaafu, amekonda, bila kofia. Alinijua kwa mbali. Alikuja akitabasamu katikati ya watu na mizigo yao.

"Ungo uko?"

"Haikuhusu," nikamjibu.

Watu waligeuka. Msichana amemjibu mzee hivyo. Aliitikia kwa kichwa kama aliyekubali.

"Sawa, mama," akasema, akaenda zake polepole. Nilijiona nimekuwa jasiri. Niliwasimulia wenzangu bwenini, wakanipongeza.

Alifariki miaka michache baadaye. Serikali ilikuwa imeshabadilika, mama yangu tayari alikuwa kaburini, na mimi nilikuwa na kazi na nyumba ya kupanga mjini Mavoko, ambayo nilikuwa nimeanza kuijaza vitu. Baba alinipigia simu akasema tutakwenda kumzika. Nilitaka kukataa, nikaona aibu ya kueleza sababu. Siku moja kabla ya mazishi nilikwenda kumpa pole mjane wake. Wanawake walikuwa jikoni, yeye ameketi peke yake sebuleni kwenye godoro lililotandikwa chini. Nyuma yake, ukutani, ungo ulikuwa bado unaning'inia, umekuwa mweusi kwa miaka.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimuuliza kwa nini hawakuwahi kuutoa.

"Alikataza," alisema. "Aliweka yeye mwenyewe, siku tulitoka maombi kwenu. Hata hakukula. Alichukua ungo yangu ikiwa na unga bado, akagonga msumari. Nikamuuliza, sasa nitapepeta na nini? Akasema nitafute ingine, na niambie wale wengine pia waweke, ikae ni mtindo. Nikasema wewe mzee, mtindo ya nini? Akasema, kwa mwalimu kuna mtoto amebandika kitu hajui ni nini. Ungo ikiwa moja itaonekana. Wacha zikuwe mingi."

Nilikaa kwenye godoro kando yake bila kukaribishwa.

"Na wale polisi," aliendelea, "aliwaleta hapa kwangu kwanza. Wakatoa ungo, wakaona ukuta tupu. Wakaenda kwa jirani, wakatoa, ukuta tupu. Nyumba tano amewazungusha na miguu. Wakifika kwenu hawana nguvu ya kutoa ingine."

Nilimwuliza kwa nini basi marehemu aliniuliza kila siku. Nilimwita mwaitu, kama nilivyomwita mama yangu mzazi.

"Alikuwa anakuogopea, mwanangu. Mtoto anaweza toa kitu akicheza. Akikuona, akija hapa anaketi, ananiambia, leo nimepata yule msichana, amesema ungo uko. Ndio anakula." Akavuta leso yake. "Halafu ikakaa tu kama salamu yenu. Alikuwa anasema wewe uko na yeye siri moja."

Nikasimama nikaenda ukutani. Niliinua ungo kwa vidole viwili, upande wa chini. Nyuma yake palikuwa na duara ya rangi ya maziwa, safi, mpya kama siku ilipopakwa, na msumari mmoja. Niliushusha nikaurekebisha mpaka ukakaa sawa na sahani. Nililia mbele ya mjane badala ya kumfariji, na yeye ndiye aliyenishika bega.

Kesho yake tulipita kaburini kwa mstari kurusha udongo. Baba alikuwa nyuma yangu, amevaa koti lake la ualimu. Hakuwahi kujua kwamba ule ungo uliinuliwa. Miaka yote alimsalimia yule mzee kwa mbali, kwa tahadhari, na kwa siri akifurahi kwamba alimchenga. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikashika udongo, nikaurusha.

"Uko," nikasema.

"Nini kiko?" baba akauliza nyuma yangu.

Nikamwambia nitamweleza tukifika nyumbani, nikamshika mkono, tukapisha wengine.